Santuri ya Kaka Juu ya Dari la Jikoni

Kaka yangu aliimba kwenye santuri moja tu maisha yake yote, na mimi ndiye niliyeitundika ukutani. Naanzia hapo nisije nikajificha huko mbele.

Alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa Rungwe wakati ule. Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi. Yeye alirudi na suruali pana chini kama sketi, na santuri kubwa, ile ya nyimbo nne upande huu na nne upande ule. Yeye na wenzake wanne wa huko walikuwa wameunda bendi, magitaa ya umeme yananguruma kama lori la chai likipanda kilima na mzigo. Kwenye jalada wamesimama watano, nywele vichaka, yeye katikati, kifua wazi. Mama alipoiona akauliza, "Shati ulimwachia nani?"

Nilifanya kazi kiwanda cha chai, na karani mmoja pale alikuwa na santuri za vijana wa Ulaya, basi nilisikiliza nyingi. Nyingine wimbo mmoja ndio mzuri, zilizobaki wamezijaza tu, kama mchele na mawe yake. Ya kaka haikuwa hivyo, kila wimbo ulimkabidhi mwenzake. Wa kwanza kabisa aliuimba yeye. Hizo saba waliimba wengine, yeye akapiga gitaa.

Alifariki mwanaye ana miezi saba. Mtoto nikamlea mimi. Gramafoni yangu nayo ikafa, na huyo kijana amekuwa mtu mzima hajawahi kuisikia sauti ya baba yake. Nilimwahidi kwamba tukipata mashine ataisikia.

Akaoa binti wa kutoka Matwebe, aliyelelewa na bibi yake. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, wala hatamki jina lake. Wengi wa siku hizi wameacha, wanakutana na wakwe zao sokoni wanacheka nao. Huyu hakuacha. Mumewe yuko kazini Mbeya, yeye anakaa nami hapa Kawetele, na mimi kabla ya kutoka chumbani nakohoa, apate kupitia mlango wa nyuma. Lakini picha haikohoi. Baba mkwe wake mwenyewe yuko sebuleni, kifua wazi, anamtazama kila akileta chai. Sikulifikiria hilo. Hapana, nililifikiria siku moja, nikasema picha si mtu, nikaendelea na chai yangu.

Mwaka huu, mvua zimekolea, kijana akaja kutoka Mbeya na furaha. Fundi mmoja wa redio huko Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya Tukuyu mjini, si ile ya pwani, amepata mashine ya santuri. Atahamishia nyimbo kwenye flashi. Tukatazama ukutani, msumari mtupu.

"Baba, umeihamisha?"

"Nilijua umekwenda nayo wewe."

"Niende nayo wapi?"

"Mbeya."

"Baba jamani."

Ule msumari niliuona mtupu tangu Krismasi. Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu nyumbani, na huyo hatuongei.

Akamwita mkewe. Akajibu kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, namsikia.

"Ipo darini, na mahindi ya mbegu."

"Dari gani?"

"La hapa jikoni. Huko sebuleni ilianza kuota ukungu. Na mimi nitapitaje pale, naye ananitazama? Niliitoa nimegeuza uso, nikaifunga kwenye kanga."

Mvua ya kwetu inaotesha ukungu hata ndani ya viatu. Mbegu tunaiweka juu ya moto, ndipo inapopona. Aliiweka mahali pa heshima kuliko pote alipopajua, na moto ukawaka chini yake miezi yote hiyo. Kanga ilikuwa safi. Santuri ilitoka imejikunja pembeni kama jani la mgomba lililobabuliwa.

Kijana akaanza kumpandishia sauti. Nikamwambia, "Mwache. Wa kuitoa pale siku ya harusi nilikuwa mimi."

Tulipompelekea, fundi alifumba jicho moja, akaikagua. "Mzee, hii sahani au bakuli?"

Akabandika sarafu juu ya mkono wa sindano, uongezeke uzito. Pembeni sindano iliruka kama chura. Ilipofika karibu na katikati ikatulia, wimbo wa nne ukalia vizuri.

"Huyo ndiye baba?"

"Gitaa ndilo lake. Anayeimba ni mwenzake."

Wa kwanza, ulioko pembeni kabisa, tulirudia na kurudia. Tukapata kwikwi tu.

Kijana akasema, "Basi niimbie wewe. Alivyoimba yeye. Kidogo tu."

Maneno ninayo yote. Fundi akazima mashine kunipisha. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti yangu. Nikaitafuta ya kaka. Ilikuwa nzito? Ilikuwa nyembamba? Miaka yote nilidhani ninayo kichwani, na pale kwenye benchi la fundi haikuwepo.

Nikaimba hadi mwisho. Kijana alikuwa ameshika simu ananirekodi, macho yamemlowa, na sikumwambia kwamba baba yake hakuimba hivyo.