Mwalimu Gerda Alipomchora Mama

Jirani yangu hapa Kawangware ni fundi wa makochi, na kila akifungua mkebe wa tapentaini, harufu inapenya mabati na kunikuta kwenye cherehani. Wateja hulalamika kwamba kichwa kinawauma. Mimi husimamisha mguu, nikavuta pumzi, nikawa mtoto tena katika chumba cha nyuma cha kanisa letu mtaani Sarang'ombe, Jumamosi mchana, nikimtazama Mwalimu Gerda akifuta brashi zake.

Alikuwa Mjerumani, mama mzee mjane mwenye miguu mizito. Kiswahili alikisomea kitabuni, kwa hiyo chake kilikuwa safi kuliko chetu. Akiingia anasema, "Hamjambo, wanafunzi wangu?" nasi tunapaza sauti, "Fiti, mwalimu!" naye anatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Alitufundisha kuchora nyuso. "Usichore unachokijua," alirudia mpaka tukawa tunamwigiza njiani. "Chora unachokiona."

Huku mkono ukifanya kazi, alipenda kutusimulia maisha yake. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Gerda akiwa msichana mdogo aliiba rangi iliyobaki, akachora uso wa nyanya yake kwenye ubao, na badala ya kumchapa, baba akautundika ukutani. Akasomea kazi hiyo, akawa mchoraji wa wakubwa: majaji, maprofesa, wenye viwanda. Mmoja alitaka kidevu cha pili kiondolewe, mwingine nywele zirudishwe. Baadaye akafundisha chuoni hadi akastaafu, mumewe akafariki, nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Ndiyo maana akaja kwetu, ambako kimya hakijulikani.

Mama yangu alikuwa akifua nguo za watu mtaa wa Ayany, nyumba hadi nyumba, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kwao ni Kitui, na alikuwa hajafika huko tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa akiazima simu ya jirani ili kutujulia hali, na kila mara mama alimjibu, "Tuko tu sawa, mwaitu," akimwita mama kwa Kikamba, huku ameketi kitandani akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyochubuliwa na sabuni. Nikimwambia apumzike, anacheka: "Nitapumzika kaburini." Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika nyumba ile kata nilikuwa mimi.

Mwaka huo tukapanga kwenda huko Krismasi. Mama alitaka kumpelekea susu picha kubwa ya kutundika sebuleni, ili kila atakayeingia aone kwamba Nairobi haikumshinda. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, isiyo na kamera. Nikamwomba Mwalimu amchore, naye akakubali.

Basi Jumamosi moja mama akatoka Ayany, akabadilisha nguo, akavaa gauni lake la kanisani, akaketi na kutabasamu. Mwalimu hakuwa hata amemaliza kuchanganya rangi, mama akalala. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nilipoenda kumtikisa, kwa aibu, Mwalimu akainua brashi. "Mwache," akasema kwa sauti ya chini, akaendelea kuchora.

Picha ilipoisha, alikuwa ni mama kabisa, mpaka kile kidoa cha shavuni. Kichwa kimelala begani, mdomo wazi kidogo, mikono imeachwa mapajani. Tulipoifikisha nyumbani, Mama Nekesa, jirani yetu wa kutoka Kakamega, akapiga makofi ya mshangao.

"Ai! Macho imefungwa? Si hii ni ile ya kubebwa mbele ya jeneza? Mama Mwende, geuza hiyo kitu, utajiitia kifo!"

Mama akaigeuza ikaelekea ukutani, kisha akainama kuwasha jiko. Mimi nikatimua mbio kurudi kanisani.

"Mwalimu, umechora mama kama amekufa! Susu ataonyesha watu nini?"

Mwalimu Gerda akakaa taratibu. Kwa mara ya kwanza nilimwona naye amechoka. "Nimechora wakubwa maisha yangu yote, Mwende. Wote walikuwa macho, na wote walitaka niwasaidie kudanganya. Mama yako nimemchora nilivyomwona."

"Lakini yeye hakutaka hivyo!"

"Najua," akasema. "Akitaka, nitamchora tena akiwa macho. Mwambie aje."

Mama hakupata nafasi ya kwenda. Desemba watu wa Ayany hufua mpaka mapazia. Na kwa kuwa susu alikwisha kuwatangazia majirani kwamba picha inakuja, tuliibeba hivyo hivyo, imefungwa kwa leso.

Kitui, watu walijaa sebuleni. Mama akajaribu kusema picha haijakamilika vizuri, lakini susu alikuwa tayari anafungua fundo. Akaisimamisha kwenye kiti. Mimi nikasubiri nduru. Susu akaitazama kwa muda mrefu, halafu akamgeukia mama, akamuuliza polepole kwa Kikamba, "Kumbe huko unachoka hivi?"

Mama akafungua mdomo aseme lile neno lake la kwenye simu, likakataa kutoka. Akalia mbele ya wageni wote. Susu akawaondoa watu kwa upole, akamlaza mama kitandani kwake, akafunga mlango, kisha akaketi nje kwenye kigoda kuwafukuza watoto na kuku. Mama alilala mpaka jua likatua.

Wakati huo niliona aibu tupu. Nilifikiri Mwalimu Gerda ametuharibia safari. Yeye alirudi kwao baadaye na akafia huko, wala sikuwahi kumshukuru, kwa sababu nilikuwa bado sijajua kuna cha kushukuria.

Sasa mama anaishi Kitui, na mimi ndimi niliyebaki huku na mgongo unaouma. Akinipigia simu namwambia niko tu sawa. Yeye huniuliza tena, na hapo ndipo ninapomwambia ukweli.