Harufu ya Mahamri

Asubuhi, kwa muuza mahamri Mji wa Kale, bwana mmoja aliisukuma sahani aliyowekewa. "Ngano nimeacha. Ina gluteni, ile protini wanayosema yadhuru tumbo."

"Umepimwa ukaambiwa yakudhuru?" akauliza mama aliyesimama kando yake.

"La, mama. Mimi ni mzima. Nimeona kwenye simu tu."

Mama huyo alikuwa amewanunulia wanawe mahamri. Akafungua mfuko, akavuta harufu ya iliki, macho kayafumba, kisha akaufunga. "Mimi nimepimwa. Hata kipande kimoja kinanilaza kitandani. Ningekuwa na tumbo lako, mwanangu, nisingebakisha hata chembe."

Mwenye maradhi hana budi kujihadhari. Mzima je, ajinyime kwa amri ya nani?

Bwana yule aliivuta sahani polepole. Nami, niliyepanga kuacha ngano Jumatatu, nikaagiza mahamri na mbaazi.