Suun ya Prosper

Sisi watu wa Ikombe neno "suun" tulilisikia kwanza kinywani mwa Prosper, na mpaka leo nikilisikia natema mate. Alilitoa Matema, alikokuwa akiwatembeza watalii ziwani. Mzungu akikuambia suun, maana yake ni karibuni hivi, na kweli anakuja. Prosper aliponunua boti lake mwenyewe la injini, alirudi nyumbani na hilo neno akalitumia anavyotaka. Ukimuuliza mnaondoka lini, suun, yaani mpaka boti lijae. Ukimdai turubai lako aliloazima, suun, yaani lisahau. Mchungaji alimuuliza ataanza lini kuja ibadani, naye akapewa suun yake mbele ya waumini. Tulicheka. Barabara ya gari hatuna, kwa hiyo tulicheka, tukakaa mchangani tukasubiri.

Damari hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Yeye na Prosper ni watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo wanaitana dada na kaka. Ni mfinyanzi, mwembamba, mikono imepauka kwa udongo, na vyungu vyake vinagombewa soko la Kyela. Mume alimfia mapema akamwachia binti mmoja, Asifiwe. Huyo ndiye aliyekuwa akimpondea udongo, na ndiye pekee aliyejua kumchekesha.

Alfajiri moja Asifiwe akashikwa uchungu wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema apelekwe hospitali upesi. Mimi ni jirani, nilikuwa miongoni mwa waliombeba hadi ufukweni. Boti lilikuwepo. Mafuta yalikuwemo. Prosper naye alikuwepo, anapiga mswaki.

"Suun, dada," alisema. "Kuna magunia ya kakao yanateremshwa mlimani. Yakifika tu, tunaondoka."

Damari alimpigia magoti. Yeye akageuka kutazama mlimani. Jua likapanda, mchanga ukawaka, na Asifiwe akaacha kupiga kelele, akawa ananong'ona tu, "Mama, bado?" Magunia yalipofika tulikuwa tumekwisha kumfunika khanga, yeye na mtoto wake tumboni. Msibani Prosper alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Damari alirudi kwenye udongo wake. Watu wakasema amesamehe. Mimi niliyekuwa nikisikia anavyouponda ule udongo nilijua hajasamehe kitu.

Mwaka huu Gloria, binti wa Prosper, akaposwa na kijana wa Bujonde. Katika ukoo wao bibi harusi haondoki nyumbani bila chungu kipya kilichofinyangwa na shangazi yake. Cha kununua hakikubaliki, na shangazi aliyebaki ni Damari peke yake. Prosper akaja mlangoni kwake, anatabasamu.

"Dada, chungu cha mtoto wetu."

"Suun, kaka."

Akadhani ni utani. "Ndaga, dada," akashukuru, akaenda zake.

Damari alikifinyanga, tena kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, kisha akakifunika gunia lililoloa maji. Chungu kilichofunikwa hivyo hakikauki, na kibichi ukikitia motoni kinapasuka. Kila asubuhi alitoka na kata ya maji akalilowesha lile gunia. Nilimwona. Ningeweza kumwambia Prosper, ambaye alianza kupita kila siku na kila siku alipewa suun yake. Sikumwambia, na wala sijuti. Nilikuwa nikiamka mapema ili nione yale maji yakimwagwa.

Siku ya harusi wakwe waliwasili kutoka Bujonde wamevaa suti, wakaketi ufukweni, palepale tulipomlaza Asifiwe. Nyimbo ziliimbwa zikaisha, jua likapanda. Mshenga akauliza chungu kiko wapi. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyedharauliwa. Gloria alikuwa akilia ndani ya shela lake, na mtoto yule hana kosa, najua. Lakini Asifiwe alikuwa na kosa gani?

Prosper akaja mbio, tai imepinda, akafunua gunia na kukibonyeza chungu. Kidole kikazama.

"Dada, hiki bado kibichi! Wakwe wanataka kuondoka. Wanasema tumewadharau, wanarudi bila mtoto!"

"Suun, kaka."

Magoti yake yakagusa udongo, suti na yote. Jasho lilikuwa likimtoka. "Suun ndiyo lini, dada? Niambie basi. Lini?"



"Kamuulize Asifiwe," alisema Damari.

Kisha akachota maji kwa kata, akalirudisha gunia juu ya chungu, akalilowesha.