Mkono wa Nyanya kwenye Bega la Mwingine

Jumapili iliyopita nilikaa upande wa wanawake, hapa kwetu Kasongo, nikamtazama mjukuu wangu akipakwa mafuta ya kipaimara. Waliokaa karibu nami walidhani nimezama katika sala. Kumbe macho yangu yalikuwa kwenye mkono. Mkono mkavu wa mwanamke mzee, umetulia kwenye bega la kulia la mjukuu wangu kana kwamba bega lenyewe umelinunua. Mjukuu ndiye aliyejichagulia msimamizi wake. Na katika wanawake wote wa parokia, ambao nimewahesabu mara mbili na wengi ni watu wazuri tu, akamchagua mtoto wa jirani.

Namwita mtoto wa jirani mpaka leo, ingawa meno yaliyombakia hayazidi yangu. Ndivyo tulivyomwita wakati wa Wabelgiji, na mtu akishakuchukulia kitu chako, jina lake halikui. Sasa amechukua mara ya pili. Kaa, ndugu yangu, nikueleze ile ya kwanza, uone kama nina sababu ya kununa kanisani.

Kipaimara cha zamani hakikuwa cha mchezo. Askofu alikuja mara chache, tena kutoka mbali, na alipotangazwa, vijana wa vijiji vyote walihamia misioni na mikeka yao. Sisi wasichana tulilala kambi ya nyuma, chini ya macho ya masera, ndivyo tulivyowaita masista. Alfajiri adhana ilitoka mtaa wa Waislamu, na kengele ya misioni ikafuata mbio kama mchuuzi aliyewahiwa sokoni. Baada ya Misa ni katekisimu, swali na jibu, swali na jibu, mpaka midomo ikajibu peke yake huku tumbo likiuliza la kwake.

Mchana ilikuwa matofali. Shule mpya ilikuwa inajengwa, na udongo wake ulipanda kutoka bondeni juu ya vichwa vyetu. Mimi niligundua mapema kwamba tofali bichi ni zito kuliko lililochomwa, nikajipanga upande wa tanuru. Mtoto wa jirani akajipanga upande wa udongo mbichi. Ningekuwa na akili kama niliyodhani ninayo, ningeona hatari hapo hapo. Mtu asiyejua kuchagua mzigo huhurumiwa, na huruma ni mali.

Lazima nikueleze habari za nyanya yangu. Wazazi wangu walikuwa upande wa Kabambare, wakilima pamba ya lazima. Mimi nililelewa na mama wa mama yangu, hapa Kasongo, katika nyumba ambayo kutoka misioni uliweza kusikia jogoo wake. Nyanya alipika mchele kwa mawese mpaka kila punje ikawa nyekundu. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, kilivunjwa na mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, akiwa msichana, na kwa kidole hicho alinipasulia njia kichwani kila Jumamosi aliponisuka. Njia zangu zote zilikuwa na kona. Watoto wengine walinicheka, nami nilijivuna, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Mtoto wa jirani alikuwa na umri wangu. Mama yake alikufa, baba yake akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, akasahau njia ya kurudi. Mjomba wake, ndiye jirani yetu, alimlisha jinsi mtu anavyolisha kuku wa mgeni: kidogo, na kwa kutazama mlango.

Basi, mbali na matofali, kulikuwa na kazi ya huruma. Kila alasiri tulitumwa kwa wazee na wagonjwa kuchota maji, kuokota kuni na kufagia ua. Masera alipoanza kugawa nyumba, niliinua mkono kabla ya wote.

"Mimi nitaenda kwa nyanya yangu."

"Kwa nyanya yako si huruma," masera akasema. "Kwa nyanya yako ni wajibu. Wewe utaenda kwa mama samaki."

Mama samaki alikuwa mjane kutoka Nyangwe mwenye mguu uliovimba, akiuza samaki wa chumvi na wa moshi katika soko letu. Na kwa nyanya yangu, kwenye ua wangu, kwenye mtungi wangu, akatumwa mtoto wa jirani.

Nikawa nabeba kapu la mama samaki kila alasiri. Nikirudi, nguo ikinuka mpaka nzi wananijua, nilipita nyuma ya kwetu kwa makusudi nikasikia michi miwili ikipokezana katika kinu kimoja. Mchi wa nyanya niliujua kwa uzito wake. Wa pili ulikuwa wangu, na ulikuwa unaongea kwa mkono wa mtu mwingine, tena kwa mdundo mzuri kuliko niliowahi kuupiga mimi.

Siku ya askofu ilipokaribia, masera alitukusanya akatoa neno la mwisho: mama uliyemtumikia ndiye atakayekusimamia. Yeye ndiye atakayekuwekea mkono begani mbele ya askofu, yeye atakufunga kitambaa cheupe kwenye paji la uso mafuta yasitiririke, na yeye ndiye atakayekuwa mama yako wa kipaimara mpaka kaburini.

Mpaka kaburini. Nilimfuata masera mpaka kwenye bustani ya kabichi.

"Masera, tubadilishane. Yeye achukue mama samaki. Mimi nitaongeza zamu ya udongo mbichi."

"Haiwezekani."

"Na zamu ya kufua vitambaa vya altare."

"Mtoto, nyanya yako alikusimamia ubatizo. Hawezi kukusimamia mara mbili. Ni sheria ya Roma."

"Roma iko mbali, masera."

"Iko mbali. Na sheria imefika."

Hapo nilielewa nilivyopunjwa. Nilizaliwa dhaifu, wakanibatiza haraka, na aliyekuwa karibu ni nyanya. Nilimtumia nikiwa mchanga, siku ambazo sikujua bei ya kitu. Mtoto wa jirani hakuwa amemtumia mtu yeyote, ndiyo sababu alikuwa na nafasi.

Nikabakiwa na mlango mmoja. Jumapili niliomba ruhusa nikaenda kwa nyanya mwenyewe, nikamkuta anachambua mchele.

"Nyanya, umukatae. Useme umechoka."

"Nimukatae mutoto wa watu sababu gani?"

"Mimi ndiye mutoto wako."

"Sasa kama unajua, unatafuta nini hapa na jua hili?" Akapuliza pumba. "Weye uko na nyanya. Yeye iko na nani? Mwenye jiko haendi kuomba moto."

"Moto ukigawanywa unapungua."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Unapungua wapi? Soko limekuharibu. Chukua huu muhogo uende, masera asikuone umechelewa."

Nilichukua muhogo. Wivu ni wivu, lakini muhogo wa kuchoma ni muhogo.

Kilichonichoma zaidi ni Jumapili zilizofuata. Kila msimamizi alikuja misioni na chakula, akatandika mkeka, akala na binti yake. Mama samaki alikuja na samaki, bila shaka, na bugali baridi. Alikuwa mkweli tangu mwanzo: "Mutoto, mimi sina utamu. Lakini mizani yangu haisemi uongo. Kula." Nikala, na shingo yangu imegeuka. Mikeka miwili mbele, nyanya alikuwa anafunua sufuria. Niliona mvuke. Niliona mchele mwekundu. Halafu mtoto wa jirani akageuka, akaniona, akaja na nusu ya chakula chake kwenye jani la mgomba.

"Dada, nyanya anasema tule wote."

Niliitazama ile nusu, na ilikuwa nusu ya kweli, haikupunguzwa hata kijiko. Hilo nalo lilinikera. Mtu akikuchukulia kitu chako, angalau awe mchoyo, upate la kusema.

Wiki ya mwisho wasimamizi waliambiwa walete vitambaa. Mama samaki akakata cha kwangu kutoka merikani mpya, ngumu, yenye gundi, akakipima kwa mkono wake mara mbili na kunikabidhi bila hotuba. Siku hiyo hiyo nilitumwa nyumbani kuchukua kikwembe changu cha kufulia, nikamkuta nyanya amefungua sanduku lake. Mtoto wa jirani alikuwa amepiga magoti kando.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na nguo moja nyeupe ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa. Nyanya aliiita nguo ya safari. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya kuzikwa nayo. Akashika ukingo kwa meno, akapasua. Sauti yake naisikia mpaka sasa, rrrr, ndefu, kama mtu anafungua njia. Akakata kipande, akakizungusha kichwani kwa mtoto wa jirani kupima.

"Nimekuazima," akamwambia. "Utanirudishia."

Akaniona mlangoni. Hakuficha kitu wala hakueleza kitu. Akasema tu, "Kikwembe kiko kwenye kamba."

Siku yenyewe tulipangwa kwa mistari. Nilikuwa nimemwomba msichana mmoja nafasi yake ili niwe jirani na nyanya, na nilimlipa kwa kichwa cha samaki, kitu ambacho sikukosa. Mama samaki alisimama nyuma yangu, mkono wake mzito kama jiwe la mizani. Kando, mkono wa kidole kilichopinda ulikuwa juu ya bega la mwingine. Sheria ilidai mkono wa kulia. Juu ya mkono wa kushoto haikusema neno, nililichunguza hilo katika katekisimu yote. Kwa hiyo nilisogea kidogo, nikauacha upande wangu wazi, nikasubiri mkono wa kushoto.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika rozari ya mtoto wa jirani.

Askofu akafika. Tulikuwa tumefundishwa kwamba akishapaka mafuta atatupiga kofi dogo shavuni, tujue kuvumilia kwa ajili ya Kristo, na jioni nyingi kwenye tanuru tulipigana makofi ya mazoezi ambayo hayakuwa madogo hata kidogo. La askofu lilikuwa la vidole viwili tu. La mtoto wa jirani nilisikia likilia. La kwangu sikulisikia. Hata kofi nililionea wivu.

Tulivaa vitambaa vile kwa siku zilizoamriwa, hatukunawa uso, tukatembea mjini kama majeruhi wa vita ambayo hakuna aliyeiona. Kisha vikafunguliwa, vikachomwa na padri pamoja na pamba iliyopangusa mafuta. Pamba ile ile, nilifikiri, ambayo mgongo wa mama yangu uliijua. Cha kwangu kiliungua kwanza, kwa sababu ya gundi. Cha mtoto wa jirani hakikuchomwa. Nyanya alikuwa ameomba akifue mwenyewe, maji yake ayamwage mahali pasipokanyagwa, na padri akakubali. Kikarudi sandukuni.

Miaka ikapita. Mama samaki alipochoka mguu, aliniachia kibanda chake, kapu lake na mizani isiyosema uongo. Nimekula humo maisha yangu yote, nimesomesha humo watoto. Mtu akinihesabia atasema sikupata hasara. Ninajua. Nimehesabu.

Nyanya alipofariki, wanawake walimwosha asubuhi, mimi nimeshika beseni. Nguo ya safari ikatolewa, na ndani ya mkunjo wake ukaonekana ule ukanda uliopasuliwa. Mama mkubwa akauliza: "Nani iko na kitambaa cha kufunga kidevu?" Kabla sijaweka beseni chini, mtoto wa jirani, aliyetembea kwa miguu kutoka Kabambare, alikokuwa ameolewa wakati huo, tangu aliposikia nyanya anaumwa, alikuwa ameshauchukua. Akamfunga nyanya taratibu, kutoka kidevuni mpaka utosini, akakaza fundo. "Nimerudisha, mama," akasema.

Nyanya yangu alikwenda na ukanda uliokaa kwenye paji la mwingine. Mimi nilibaki na beseni la maji.

Haya, turudi Jumapili iliyopita. Baada ya Misa, pikipiki zikipiga honi nje, watoto wakipigana picha, mtoto wa jirani alinifuata na fimbo yake.

"Dada, askofu wa siku hizi hapigi kofi?"

"Waliliondoa zamani. Ulikuwa unalala?"

"Na kitambaa?"

"Nacho hakuna. Wanapangusa tu."

Akatazama nyasi pale ilipokuwa kambi yetu. Tanuru hakuna hata alama. Pamba haitawali tena mashamba, na hilo sisikii anayelililia. Mchele bado tunao, lakini mkono wa kuupika ule wekundu nimeutafuta sokoni na majumbani, sijaupata.

"Sasa sisi," akasema, "watatufunga kidevu na nini?"

Nilimwambia swali la hivyo haliulizwi mlangoni mwa kanisa. Jumatatu nikaenda kwa fundi wa cherehani, nikachagua nguo nyeupe ya pamba, nikabishana naye mpaka akaomba maji. Nikampasulisha kanda mbili, wake na wangu. Nilizilaza mezani, ncha kwa ncha, nikazipima, nikazipima tena. Mmoja ulizidi kwa upana wa kidole, nikamwambia fundi aukate. Safari hii hatapata mrefu kuliko wangu.