Maneno ya Mke wa Fundi Redio

Fundi redio alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Mchana alichomelea redio za watu dukani. Akirudi nyumbani alikuta kazi nyingine mezani: kompyuta ya zamani, ya zile zilizokuwa zikichomekwa kwenye televisheni, ambayo sasa ndiyo ilikuwa mdomo wa mkewe.

Mkewe alikuwa mpokea simu, mwenye ulimi mkali usio na simile. Madaktari walipomwambia atapasuliwa koo na sauti itakwenda moja kwa moja, mumewe alimketisha mbele ya maikrofoni wakarekodi kila alichozoea kusema, utani na vijembe vikiwemo, wakajaza disketi. Lakini kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu. Yaliingia maneno machache tu: maji, dawa, ndiyo, hapana, inauma. Mwanamke aliyetaniana na kila mtu sasa alibonyeza vitufe kuomba maji. Na siku hizi hata vitufe vyenyewe hakuvigusa sana, jambo lililomtisha mumewe kuliko ule upasuaji.

Jumamosi asubuhi mdogo wa mkewe akaja na kadi ya kumbukumbu aliyoipata kwa muuza vifaa chakavu. "Kichwa cha mashine yako kidogo, shemeji. Kiongezee."

Nani alimdanganya mwanadamu kuwa kuongeza ndiko kupata? Wakaichomeka. Nafasi ikawa tele, maneno yote yakaingia. Mke akavuta kiti, akabonyeza. Ikatoka mikwaruzo mitupu, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Akajaribu neno jingine, mikwaruzo. Akainuka, akaenda chumbani akafunga mlango.

"Kadi mbovu?" shemeji akauliza kwa unyonge.

"Nzima. Ila kwenye mashine hizi, sehemu ya sauti haimsubiri prosesa, yule mkubwa wa mashine, aipelekee kitu. Inakwenda kuchota yenyewe kwenye kumbukumbu. Na inaifikia ile ya zamani tu. Hii mpya haiioni, kwa hiyo inachota takataka."

"Si mkubwa anafika kote? Achukue kwenye mpya, apeleke kwenye ya zamani."

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Lakini itabidi niandike programu upya. Sina nguvu, shemeji."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shemeji akampa pole, akaaga. Fundi akabaki na mashine yake, akiichukia ile kazi na kujichukia kwa kuichukia. Aliandika, akakosea, akafuta. Kila neno, kabla ya kusemwa, ilibidi prosesa alihamishie kwanza kwenye kumbukumbu ya zamani. Chai ikapoa pembeni yake, ikabadilishwa, ikapoa tena. Jumapili mchana, macho yakimwasha, akaita.

"Mama watoto, hebu njoo mara moja."

Akaja amenuna. Akasoma orodha ya maneno yake kwenye skrini, taratibu, mpaka mwisho. Tuseme ukweli, fundi alitegemea shukrani. Yalikuwemo maneno matamu mle, mkewe aliyarekodi mwenyewe. Mke akamtazama mumewe, lile shati la jana, zile ndevu, akabonyeza.

Mashine ikahamisha kwanza. Kisha sauti yake, nzima, ile ile, ikajaa sebuleni:

"Mzee, unanuka. Hebu kaoge."

Fundi akalaza kichwa mezani, akalia bila aibu. Mkewe akamsubiri amalize, kisha akabonyeza tena.