Chipsi za Pole

Usiku ule nililala na tumbo zito. Mchana tulikuwa tumempoteza mgonjwa, na pale wodini kwetu tuna desturi: ndugu wakishaondoka na marehemu wao, sisi wahudumu tunaagiza chipsi mayai na soda, tunakula kimyakimya. Tunaziita chipsi za pole. Mimi bila hizo nalia hadi kesho yake.

Basi nikajikuta wodini, jua linawaka, na Sista Mwanaidi amekaa kwenye kitanda cha dirishani, anakula chipsi. Nesi huyo ndiye aliyenifundisha kazi, nikamwita mama. Tulimzika kabla ya masika. Presha ilimwangusha akiwa zamu.

"Karibu, binti. Mbona umekonda kama mpini wa fagio?"

Nacheka, maana sijakonda hata kidogo. "Nani amefariki leo, mama?"

"Hizi ni zangu."

Mara si wodi tena, ni kwa fundi cherehani anayetushonea sare. Fundi anamzungushia Sista futi kiunoni, haifiki. Anaongeza kitambaa ubavuni kama alivyoongeza kila mwaka, na sisi tunapiga vigelegele: amenawiri, cheo kimemkubali! Nashika mkanda wa kupimia presha, nauvuta mkono wake. Anauficha mgongoni, kama alivyouficha siku zote.

"Uliniambia unapima nyumbani," nasema. "Ukasema iko sawa."

"Nilikudanganya."

Hivyo tu, bila haya. Mtu aliyewagombeza wagonjwa kwa kijiko kimoja cha sukari! Mtu aliyeniapisha nisimfiche kitu!

"Kwa nini, mama?"

"Nilijua mashine itasema nini. Chipsi zilikuwa haziniulizi kitu."

Akanisogezea sahani. Mkono wangu ukaenda wenyewe, na yeye akauchapa kofi, kofi la kweli.

"Sasa hivi anayewapakulia ni Sista Pendo, aliyekaa kwenye kiti changu. Naye anawaambia anapima nyumbani. Usimwamini kama ulivyoniamini mimi."

Nikashtuka. Kumekucha, mto umelowa, na nimemkasirikia marehemu kama mtu aliye hai. Nilitaka kumwombea, ulimi ukagoma. Nikavaa sare bila kunywa chai, nikatoka mbio nimuwahi Sista Pendo, nimpime kabla hajaanza kuwapima watu wengine.