Nyanya za Posa na Baridi ya Queensburgh

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile niliyobishana na mama mmoja mzee juu ya majani ya nyanya. Nilimshinda kwa maneno. Hayo mengine yote alinishinda yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Bukavu, natengeneza simu kwenye kiduka kimoja Greyville, mjini Durban. Chumba nilipanga Queensburgh, nyuma ya nyumba ya Mama Godelive, mjane wa Kirundi. Yeye alinipa nusu ya bustani yake, kwa sababu hakupenda kuniona Jumamosi nimelala hadi saa sita mchana. Nikapanda nyanya. Miezi ya joto zilizaa sana, nami nikaanza kujiona mkulima.

Mwezi wa tano, baridi ikianza, majani ya chini yakatoka madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, kisha yakajikunja na kukauka. Lakini huko juu kulikuwa bado na nyanya chache za kijani, nikazionea huruma. Mama Godelive akaja na mfuko mweusi wa takataka.

"Ng'oa hizo, mwanangu. Zote. Tia humu, zitoke hapa nyumbani."

"Mama, bado ziko na matunda."

"Ziko na ugonjwa."

"Baridi itaumaliza."

"Baridi gani? Ya hapa Durban? Mimi hata blanketi ya pili sijaitoa sandukuni! Baridi hii inaulaza ugonjwa tu. Mvua zikirudi, unaamka."

Nikacheka. Nikamwambia kwetu tunalima mwaka mzima bila mambo ya mifuko. Yeye alirudi upande wake, akang'oa mimea yake ya zamani, akaosha miti ya kuegemezea nyanya mmoja mmoja kwa maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, akaianika juani. Hata mkasi aliusugua. Nikadhani ni mambo ya uzee.

Wakati huo nilikuwa nimempenda Furaha, aliyesuka nywele kwenye saluni jirani na duka letu. Aliniletea simu iliyovunjika kioo, nami nikaitengeneza polepole kwa makusudi, ili arudi kuulizia. Alirudi mara nne. Nilipopelekwa kwao kusalimia, mdomo ukanizidi. Nikamwahidi mama yake kwamba siku ya posa, mwezi wa kumi na mbili, nitaleta ndoo mbili za nyanya nilizolima mwenyewe.

Mwezi wa tisa nikapanda palepale, kwa miti ileile, kamba za msimu uliopita bado zimening'inia. Mvua zikaja. Kufika mwezi wa kumi na moja, tuta langu lilikuwa kama limepitiwa na moto. Kibaya zaidi, madoa yalivuka hadi mstari wa kwanza wa Mama Godelive, naye akaung'oa wote.

"Labda mbegu zilikuwa mbaya, mama," nikamwambia.

Akachomoa mti mmoja kwenye tuta langu, akanionyesha jani kavu la msimu uliopita lililonasa chini ya kamba. "Na hii pia ni mbegu?"

Hapo ningewaambia wakwe ukweli. Badala yake nilikwenda Isipingo, karibu na kituo cha taksi, nikanunua ndoo mbili kwa mama mmoja mcheshi. Nilimwomba hata anichagulie zisizo nzuri sana, zionekane za nyumbani. Akacheka, akanichagulia.

Jumamosi naingia kwenye fleti ya wakwe, suti imepigwa pasi, ndoo mkononi. Na nani ameketi kwenye kochi? Mama yule yule wa Isipingo! Kumbe ni dada mkubwa wa mama yake Furaha.

"Eish! Karibu, mkwe," akasema. "Umezilima vizuri. Hata ndoo ni zangu."

Baba mkwe alicheka hadi akavua miwani. Mama mkwe hakucheka. "Posa tumeipokea," akasema, "lakini tarehe ya harusi tutaipanga siku utakayoleta nyanya za kweli."

Furaha alinisindikiza hadi mlangoni, macho mekundu. "Ungeniambia tu kwamba zimekufa. Ningekuja kukusaidia kung'oa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko chote. Nikarudi nikamsimulia Mama Godelive kila kitu. Alicheka, akatafuta kiti akae. Kisha akanishika mkono. "Nyanya kufa hakukunikasirisha. Mimi mwenyewe nimepoteza nyingi. Nilikasirika kwa sababu nilikuambia jambo, na hukuniuliza hata kwa nini."

Mwezi wa tano uliofuata, nilimuuliza. Furaha akawa anakuja Jumamosi na glavu za saluni, tukafanya kila kitu kama Mama Godelive alivyotuelekeza. Mwezi wa kumi na mbili mama mkwe aliuma nyanya yetu akiwa bado amesimama mlangoni, maji yakamtiririka hadi kidevuni. Alimwita mumewe alete kalenda.

Basi, mwanangu, juzi nilipita kwako nikaona nyanya zako zina madoa, nawe ukaniambia baridi itayamaliza. Haitayamaliza. Ng'oa mimea iliyougua sasa, pamoja na majani yaliyoanguka chini, uvitupe mbali. Usivitie kwenye mbolea. Osha miti na mkasi, kamba za zamani tupa. Mahali palipokuwa na nyanya panda maharage au vitunguu, nyanya zihamie kwingine. Ukizipanda, ziachie nafasi upepo upite, tandaza nyasi kavu chini ili mvua isirushe udongo kwenye majani, na umwagilie asubuhi, kwenye shina. Ni kazi ya Jumamosi mbili tu. Na mtu mzima akikuambia jambo usilolielewa, muulize kwa nini kabla hujacheka. Ukikosea, sema mapema kwa wale wanaokupenda, waje wakusaidie.

Mungu aibariki mikono yako na udongo unaoushika. Akupe mvua ya kiasi, jirani mwema, na meza yenye watu wanaocheka pamoja nawe. Amina.